Gongo ya Kentucky

Ziara ile ilikuwa wazo la binamu yangu, anayeishi Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, mji ambao ndani ya basi unaweza kusikia Kiswahili cha Wakongomani. Ndiye aliyenipeleka Bardstown kuona whiski ya bourbon inavyopikwa. Mimi nilitaka kuona farasi.

Mlangoni tu harufu ikanikamata. Mahindi yaliyochacha! Nikarudi Iringa, nyuma ya jiko la marehemu bibi, aliyekuwa akipika gongo usiku ili askari wasione moshi.

Mwenyeji wetu akatuambia tuchovye kidole kwenye pipa la kuchachulia. Rojo la manjano lilikuwa likitokota bila moto, chachu kama togwa ya juzi. Mahindi, alisema, yasipungue asilimia 51 ya nafaka zote, kisha kuna kimea cha shayiri cha kugeuza wanga kuwa sukari. Bibi alitumia kimea cha ulezi, na hakuwahi kusikia habari za wanga. Mpiko mpya hutiwa mabaki kidogo ya mpiko uliopita, utaratibu ulionyooshwa na James Crow, Mskoti aliyefanya kazi Kentucky miaka ya 1830.

Kilichotoka kwenye mnara wa shaba wa kukeneka pombe kilikuwa cheupe kama maji ya kisima. Wenyewe hukiita mbwa mweupe. Nikaonja tone.

"Gongo," nikasema. Binamu akanipiga kiwiko.

Lakini hapo ndipo njia zao zinapoachana na za bibi. Tulionyeshwa ubao wa pipa la mwaloni lililounguzwa ndani: mkaa umepasuka-pasuka kama ngozi ya mamba. Rangi yote ya bourbon inatoka hapo. Kiangazi pombe huzama ndani ya mbao, baridi ikija inarudi, na nyingine hupotea hewani. Hiyo wanasema ni fungu la malaika. Pipa lazima liwe jipya, na yakishatumika, mengi huuzwa Uskoti.

Jioni nikampigia mama. Baada ya shikamoo nikamwambia kuna pombe hapa inakaa ghalani miaka minne.

"Minne? Askari wako wapi?"

Nikamweleza kwamba sheria ya Marekani ya 1897 ilimweka afisa wa serikali ghalani, na ufunguo wake mkononi.

Mama akanyamaza kidogo. "Ufunguo wa kulinda," akauliza, "au wa kunywa?"