Siku yangu moja na winchi ya kreni

Saa 10:45 alfajiri. Naizima kengele ya simu kabla mama watoto hajaamka. Nakaa Mbagala, kazi iko Kurasini, na foleni ya Barabara ya Kilwa haina huruma na mtu aliyechelewa dakika tano.

Saa 12:20. Kreni yetu hutembea kwa minyororo kama tingatinga. Kabla ya kuwasha injini napanda nyuma ya kibanda cha dereva kukagua ngoma ya winchi, lile pipa linalozunguka na kukusanya waya wa kunyanyulia. Wapita njia hupiga picha ule mkono mrefu, lakini kazi yenyewe inafanyika huku. Mota ya haidroliki inazunguka kwa kasi, giya zilizofichwa ndani ya ngoma zinaipunguza kasi hiyo na kuigeuza nguvu. Breki yake inawashangaza wengi: springi zinaifunga muda wote, na presha ya oili ndiyo inayoifungua. Presha ikipotea, breki inajibana yenyewe. Aliyebuni hivyo aliwahi kukaa chini ya mzigo, nadhani.

Leo sikupenda nilichokiona. Waya wa tabaka la juu umezama katikati ya mizingo, yaani mizunguko ya waya kwenye ngoma, ya tabaka la chini.

"Dogo, jana jioni nani alikuwa kwenye leva?"

"Mimi, kaka. Ndoano ilipogusa chini nililegeza kidogo ili wafunga mizigo wapate nafasi."

Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Waya ukilegea kisha ukakusanywa bila uzito, mizingo inalala ovyo. Ukija mzigo wa kweli, waya wa juu unajipenyeza kama kisu, na siku ukishusha unakwama au unaruka ghafla.

Saa 1:15 asubuhi. Msimamizi ananuna, gari lenye mhimili wa daraja liko njiani. Namwambia, "Bosi, nipe saa moja." Tunashusha ndoano mpaka tunafika kwenye mizingo iliyolala vizuri. Nakagua nyuzi zilizokatika, napima kipenyo kwa kalipa, nasafisha, napaka grisi. Kisha tunanyanyua bonge la zege la tani 4, polepole, waya ukijipanga upya ukiwa umevutwa. Mtu hagusi waya kwa mkono, hata akivaa glavu. Vidole havina spea.

Saa 4:30. Mhimili wa daraja, tani 28. Ukijumlisha ndoano na minyororo ya kufungia, kipimo kinasoma tani 29.2. Winchi yetu inavuta tani 10 tu, ila waya umepita mara 4 kwenye makapi, yale magurudumu ya kupitishia waya, kwa hiyo kila mkondo wa waya unabeba tani 7.3, na msuguano wa makapi unaongeza kidogo. Gharama yake ni mwendo: ngoma ikikusanya mita 4 za waya, ndoano inapanda mita 1.

Dogo anauliza mbona winchi huwa kama inachoka ndoano ikifika juu. Swali zuri, na madereva wengi wakongwe hawalijui. Ndoano ikiwa juu, waya mwingi uko kwenye ngoma, matabaka yameongezeka na ngoma imenenepa. Mota ni ileile, lakini sasa inavuta kwa umbali mkubwa zaidi kutoka katikati. Nguvu inapungua, mwendo unaongezeka. Zile tani 10 ni za tabaka la kwanza.

Saa 7. Wali maharage, maji mengi, kivuli.

Saa 9:40. Upepo wa bahari umeshika kasi, tunasimamisha kazi. Msimamizi ananuna tena.

Saa 11 jioni. Kufunga. Namwachia dogo leva, mimi nimesimama pembeni ya ngoma. Anapandisha ndoano tupu taratibu, mzingo ukikaa kando ya mzingo.

"Niache hapa, kaka?"

"Pandisha kidogo tena."

Anapandisha. Anachungulia dirishani kuitazama ngoma, jambo ambalo jana hakulifanya.

"Hapo. Zima."