Kidumu cha Kwanza Kilikwenda Getini

Tangazo la kufunga vyuo lilitoka tarehe 18 Machi 2020, siku mbili tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Arusha. Wanafunzi wa shahada ya kwanza walifungasha, wakakimbilia mabasi ya mikoani. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tulibaki wachache: sisi wa uzamili wenye sampuli maabara, wanafunzi wa kigeni waliokosa njia ya kurudi kwao, askari, wahudumu wa usafi, na mama lishe aliyeendelea kutupikia wali maharage. Watu husema chuo kilifungwa. Yaliyofungwa ni madarasa; askari waliendelea kupokezana zamu kama kawaida.

Ilipofika Aprili, vitakasa mikono vilikuwa vimeadimika madukani, na ukivikuta, bei haishikiki. Dokta aliyekuwa akinisimamia akatuita maabara ya kemia tutengeneze vyetu. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ilibandikwa ukutani. Kwa lita kumi: ithanoli, yaani spiriti, ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini mililita 145, halafu maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka alama ya lita kumi. Gliserini naikumbuka zaidi. Ni nzito, inang'ang'ania kuta za silinda ya kupimia, na Dokta hakukubali ipotee hata kidogo. Tulisuuza silinda kwa maji yaleyale ya kujazia, tukamimina tena.

“Wanaofuta vitasa kutwa nzima watapasuka mikono bila hii,” alisema.

Tulipomaliza kufunga vifuniko, mwenzetu mmoja akapendekeza tuanze kugawa kwenye ofisi za walimu. Dokta akamuuliza, “Leo nani ameshika vitambulisho vya watu wengi kuliko wote hapa chuoni?” Hakuna aliyehitaji kufikiri. Kidumu cha kwanza kikaandikwa GETINI kwa kalamu nyekundu, cha pili USAFI, cha tatu HOSTELI. Walimu wakafuata, na sikusikia mwalimu akinung'unika. Mpaka leo, mtu akiniuliza chuo kilitusaidiaje wakati ule, naanza na mpangilio ule wa vidumu.

Habari zikamfikia mzee wa getini kabla ya mzigo wenyewe. Jioni ile nilipopita alinisimamisha.

“Binti yangu, nasikia dawa yetu iko tayari.”

“Shikamoo, baba. Iko tayari, ila inalala saa 72 kwanza.”

“Inalala inangoja nini?”

Nikamweleza kuwa spiriti huua virusi lakini haiwezi mbegu za bakteria zilizojificha kwenye chupa au kwenye spiriti yenyewe. Kazi hiyo ni ya peroksaidi, nayo inataka muda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama muda huohuo unatosha kwa kidumu kikubwa. Swali zuri, wala sikulitegemea. Nikamjibu kwamba unatosha.

Mama lishe hatukumpa kitakasa mikono. Mikono yenye mafuta na unga haitakaswi vizuri kwa spiriti, tena yeye anapikia mkaa, na spiriti mbichi mkononi karibu na moto ni hatari. Tulimpelekea ndoo ya bomba na sabuni za mche, akaziweka pale wateja wanapopanga foleni. Ukisogelea sahani bila kunawa, anarudisha upawa kwenye sufuria na kukuangalia tu.

Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni. Asubuhi ile wanafunzi walishuka kwenye daladala na mabegi yao, barakoa usoni, na mzee alikuwa getini na kidumu chake. Kila mmoja alimwagiwa kiganjani na kupewa maelekezo: sugua mpaka katikati ya vidole, acha ikauke yenyewe, usifute kwenye suruali. Kijana mmoja aliuliza kama dawa hiyo ni ya kweli au maji tu. Mzee akamshika bega, akaanza kumweleza habari za saa 72, na foleni nyuma yao ikasubiri.