Laki nane na tisini na mbili

Mwalimu wa hisabati wa binti yangu hapokei daftari lisilo na jalada. Kaki imekwisha, duka la kona limefungwa, na saa mbili usiku ndiyo saa ambayo mtoto wa darasa la tano hukumbuka mambo kama haya. Nikavuta nyuma ya kabati furushi la karatasi kubwa za flipchati, zile za umoja wetu wa wanawake wasomi tunaowashika mkono mabinti wanaotafuta kazi, nikamwambia achukue moja. Akaikunjua sakafuni, akapiga magoti juu yake na mkasi mkononi.

"Mama, 892,000 ni ya nani?"

"Ya mtu aliyeomba 1,500,000."

Akanitazama kama mimi ndiye niliyekula hiyo tofauti.

Mliokuwepo mnaijua karatasi hiyo. Ni ya ile Jumamosi ya Machi 2022 pale Mlimani, umeme ulipokatika kabla hata projekta haijapata moto na tukalazimika kuandika kwa mkono. Ilikuwa siku yetu ya kwanza ya usaili wa majaribio, na tulikuwa bado na kidonda cha mwaka uliotangulia. Mwaka ule tulipanga jozi za dada aliye kazini na mdogo anayeongozwa naye, kwa kozi: dada wa sheria na mdogo wa sheria, dada wa biashara na mdogo wa biashara. Tukaona tumepata dawa. Wakakutana, wakasimuliana habari za wahadhiri, wakacheka, basi. Jozi nyingi zilikufa kati ya kikao cha pili na cha tatu, wala si kwa ugomvi. Dada anaona hana jipya la kusema, mdogo anaogopa kusumbua, na kila mmoja anangoja mwenzake apige simu.

Kwa hiyo mwaka huo tukapanga kwa haja. Unataka nini ndani ya miezi mitatu: wasifu uliosahihishwa, usaili, nafasi ya mafunzo kazini, au barua ya kuomba shahada ya uzamili? Kikao cha kwanza dakika 45, na hakuna kuagana kabla tarehe ya kikao kinachofuata haijaandikwa. Mdogo ndiye anayepiga simu. Dada haombwi kazi katika vikao vitatu vya mwanzo, maana dada aliyeombwa kazi siku ya kwanza huwa hapokei tena namba ile. Na kila kikao kizae karatasi moja, hata kama ni aya moja ya barua iliyokatwakatwa kwa wino mwekundu. Hayo tu. Kanuni nyingine tulizoziandika mwaka ule sizikumbuki, na sidhani kama kuna anayezikumbuka.

Usaili wenyewe ulikuwa wa dakika 20 kwa kila binti: 12 za maswali, nane za kumwambia tulichokiona. Tulikaa watatu mezani. Wawili wanauliza, wa tatu haulizi kitu, anaandika maneno ya msailiwa kama yalivyotoka. Huyo wa tatu msimdharau. Ukimwambia binti "hukujiamini", anaitikia kwa kichwa na hajui afanye nini. Ukimsomea "umesema 'samahani' mara sita, na mara nne ulikuwa bado hujaulizwa swali", hapo ana kitu cha kwenda nacho nyumbani. Tulitumia tangazo la kazi la kweli, kila mmoja lile analotaka kuliomba, na tulimtaka aje na vyeti vyake vimepangwa kama siku yenyewe. Wawili walikuja na vivuli visivyothibitishwa na mwanasheria. Heri aibu hiyo uipate kwetu.

Swali la "umeolewa, unatarajia kuzaa lini?" tuliliuliza makusudi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa ndoa au ujauzito, na inamlinda hata anayeomba kazi. Lakini huwezi kumsomea mwajiri kifungu ukiwa umekaa kwenye kiti chake. Jibu tulilowapa ni fupi: "Ratiba ya kazi niliyoisoma kwenye tangazo ninaimudu." Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kulikowashinda.

Swali la mwisho lilikuwa la mshahara. Unataka kulipwa kiasi gani?

Wa kwanza akasema, "Chochote mtakachoona kinafaa." Wa pili vilevile. Wa tatu akaongeza "kwa sababu mimi kwa sasa natafuta uzoefu." Wa nne, wa tano. Kufika wa saba nilishaacha kuandika jibu, naweka alama tu.

Wa nane alikuwa wa uhandisi wa umeme, mwembamba, amevaa koti ambalo ni wazi la kuazima, mikono imefichwa na mikono ya koti. Akaulizwa. Akakaa kimya kidogo. Kisha akatuangalia mezani mmoja baada ya mwingine, akauliza kwa adabu kabisa, "Samahani dada zangu, ninyi mnalipwa kiasi gani?"

Feni ilikuwa imesimama. Nje mtu alikuwa anaburuta kiti cha chuma kwenye korido, na sauti ile ilipita mlango mzima, ikaenda mpaka mwisho wa jengo. Ndani tulikuwa wanawake kama arobaini, wenye shahada moja, mbili, hata tatu, wengine wakuu wa idara. Mwenzangu wa kushoto alifungua kalamu yake, akaifunga. Wa kulia aligeuza simu ikatazama chini, kana kwamba mshahara wake ulikuwa umeandikwa kwenye kioo. Mimi nilianza kusema kitu kuhusu mkataba na usiri, nikakisikia kinavyosikika, nikakimeza. Binti akaanza kuomba radhi. "Samahani" ya saba, nikaandika, kwa mazoea tu.

Ndipo Mama Mstaafu akainuka nyuma. Hakuwa hata kwenye ratiba. Alikuja kumsindikiza mjukuu. Miaka yake benki mnaijua. Akachukua maka peni, akalinusa kuona kama bado lina wino, akasema, "Julie Manning, mwanamke wetu wa kwanza kusomea sheria, aliingia darasani chuo kikiwa bado Mtaa wa Lumumba, hapakuwa na dada wa kumuuliza. Huyu anao arobaini na wote wameuma ulimi." Kisha akamgeukia binti. "Mwanangu, taja namba. Yoyote."

"Milioni moja na nusu," akasema binti, akicheka kidogo kama aliyetukana.

Mama akaandika 1,500,000 juu kabisa. Chini yake: NSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 10, 150,000. "Mwajiri anaweka 10 yake. Ukienda serikalini mfuko ni PSSSF, wewe unakatwa tano, yeye anaweka 15. Huko kwingi hutabishania mshahara, kuna ngazi. Mwenye shahada mara nyingi anaanzia TGS D. Hapa nazungumzia sekta binafsi." Inabaki 1,350,000, na kodi inapigwa kwenye hiyo, si kwenye milioni na nusu. Hapo nusu ya chumba ilikuwa haijui. Milioni ya kwanza ina kodi ya 128,000, kinachozidi kinakatwa asilimia 30, yaani 105,000. Jumla 233,000. Halafu akageuka. "Nani ana mkopo wa bodi, ule wa kusomea chuo?" Mikono yote ya mbele ikapanda. Asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 225,000. Akapiga mstari, akaandika 892,000, akaizungushia duara mara mbili mpaka wino ukapenya karatasi ya pili.

"Hii ndiyo inayolipa kodi ya chumba. Na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo."

Pembeni akafanya hesabu ya 1,200,000. Ikatoka 748,000. Anayeshusha laki tatu kwa kuona haya anapoteza 144,000 mkononi kila mwezi, 1,728,000 kwa mwaka, na nyongeza zote za mbele zitahesabiwa kutoka pale alipojishusha. Akaongeza neno ambalo mimi, mwenye ajira ya miaka kumi na moja, nilikuwa silijui vizuri: uliza mshahara wa msingi ni ngapi na posho ni ngapi. Ukipewa msingi mdogo na posho nono, mwezi wa kwanza utafurahi. Lakini saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu ya msingi, na kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka kinahesabiwa kwa msingi huohuo.

Binti alikuwa amesimama kando yake, ameshika kona ya karatasi isipeperuke, ingawa upepo haukuwepo.

Lakini mshahara wetu wenyewe hatukuutaja. Hata Mama alitaja hesabu, hakutaja yake. Baada ya chai tukapitisha boksi la viatu: karatasi zinazolingana, kalamu za aina moja, herufi kubwa tupu, bila jina wala mwajiri. Andika cheo, miaka kazini, msingi, posho. Zikarudi 23. Tano hazikufaa kitu kwa sababu walioziandika waliweka kinachoingia benki, na ukichanganya hicho na msingi unampotosha mtu kwa laki kadhaa. Nyingine tulizificha wenyewe, maana cheo kilichoandikwa na mtu mmoja tu kinamtaja mwenyewe. Tukakubaliana kada isiyofika karatasi tatu haisomwi. Sasa boksi linapita kila Machi, na mfano wa kujaza umebandikwa kwenye kifuniko. Karatasi zimekuwa zikipungua. Nadhani ni kwa sababu tumeanza kufahamiana mno.

Binti wa umeme alipata usaili Julai ileile. Alinipigia siku mbili kabla, tukapitia hesabu tena, nikamwambia ataje kuanzia milioni moja na nusu. Akataja. Wakamwambia watampigia, na hawakupiga. Yule wa tatu, wa "natafuta uzoefu", aliajiriwa mwezi huohuo kwa laki saba, na leo anasimamia watu sita. Wa umeme alikaa nyumbani miezi tisa kabla ya kupata mahali. Aliniambia mshahara wake bila kuulizwa, mpaka mia ya mwisho. Sikujua nimpongeze au nimwombe radhi, nikamuuliza kama wana bima ya afya.

Hata yangu hakuniuliza tena.

Binti yangu alimaliza kukata. Nikamwambia ageuze, upande ulioandikwa uwe ndani, jalada lipendeze. Akakataa, daftari ni la hisabati, anasema, lazima lionyeshe. Akapiga selotepu kona nne, na duara la Mama likaangukia katikati ya mgongo.

"Mwalimu akiniuliza hiyo asilimia 15 ni ya nini?"

"Mwambie ni mkopo."

"Wa nani?"

"Jina hujaandika," nikamwambia. "Andika na darasa."