Sare za shule, kipindupindu cha London na silikanti

Januari kwa fundi cherehani ni mwezi wa sare. Sketi za marinda za bluu, kaptula za kaki, mashati meupe ambayo hata vipimo vyake nimeshavikariri: unamwongezea mtoto inchi mbili za kukulia, mama yake anashukuru, mnaagana. Kazi hii inataka mikono na macho. Masikio yanabaki hayana shughuli. Zamani nilikuwa nayapa redio, taarabu asubuhi na mpira jioni. Siku hizi nayapa sayansi, na wateja wamekwisha kuzoea kunikuta nimesimamisha mashine katikati ya pindo huku nimekodoa macho. "Fundi, kuna msiba?" Hakuna msiba. Kuna mtu amefariki London mwaka 1854, na ndiyo kwanza nimepata habari.

Vitabu vya sauti ninavyosikiliza vingi ni vya Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kidato cha nne. Kwa hiyo spidi naipunguza. Najua wapo wanaojisifu kwamba wanamkimbiza msomaji mara mbili mpaka kitabu kinaisha kabla basi la Dar halijafika Chalinze. Wangu anaburuza maneno kama mlevi aliyepotea njia, na sioni haya. Vile vya zamani navipata bure LibriVox, ambako tangu mwaka 2005 watu wanajitolea kusoma kwa sauti vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha. Sura hii inasomwa na bibi mwenye sauti nzuri, inayofuata inasomwa na kijana mwenye mafua. Cha bure hakichaguliwi. Napakua usiku bando likiwa rahisi, mchana nashona.

Sasa huyo marehemu wa London. Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka mtaa wa Soho, kwenye barabara iliyoitwa Broad Street, na kabla hakijaisha kiliua watu zaidi ya 600. Wakati ule wakubwa wa afya waliamini ugonjwa unatoka kwenye hewa chafu, ile harufu ya uozo. Daktari John Snow aliamini unatoka kwenye maji, na akaishuku pampu moja ya mtaani. Ukikitafuta kisa hiki kwenye mtandao utaonyeshwa ramani yake, ile yenye vialama vyeusi vya vifo vilivyosongamana kuizunguka pampu. Ni ramani nzuri. Ila mtu wa hewa chafu naye angeitazama akasema: sawa, hewa ya hapo ndiyo mbaya.

Kilichonisimamishia mashine ni wale waliokwenda kinyume na ramani. Jirani na pampu palikuwa na kiwanda cha bia. Wafanyakazi wake walivuta hewa ileile lakini hawakufa, kwa sababu walikuwa wanapewa bia na maji ya pampu hawakuyagusa. Halafu yupo mjane wa Hampstead. Huyu aliishi mbali na Soho, penye hewa safi, kipindupindu hakipo. Akafa kwa kipindupindu. Snow akamfuata mwanawe kumuuliza, ndipo ikajulikana kuwa mama huyo aliwahi kukaa Broad Street, akayapenda maji ya pale, na alikuwa akiletewa chupa kwa gari la farasi. Binti wa ndugu yake alikuja kumtembelea, akanywa maji hayohayo, akarudi kwake Islington akafa na yeye. Hapo mguu wangu ulitoka kwenye pedali wenyewe.

Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uliondolewa. Snow mwenyewe alikiri kwamba ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua, maana watu walikuwa wamekimbia mtaa. Napenda kwamba alilisema hilo. Baadaye mchungaji mmoja, Henry Whitehead, aliyeingia katika uchunguzi akitaka kumpinga, ndiye aliyempata mtoto mchanga aliyeugua kwanza: nepi zake zilifuliwa, maji yakamwagwa kwenye shimo la choo lililokuwa karibu kabisa na kisima. Snow alifariki mwaka 1858. Daktari Mjerumani Robert Koch alikuja kumtambua bakteria mwenyewe zaidi ya miaka 20 baadaye.

Mimi nimekulia kwenye tangazo la "chemsheni maji". Kila mvua zikizidi gari la matangazo linapita mtaani na kipaza sauti: chemsheni maji, naweni mikono. Tukachemsha. Hakuna aliyewahi kuniambia walijuaje. Na hili ndilo ninaloliona kwenye vitabu vya sauti kuliko mahali pengine popote: ile njia ya walijuaje. Nani alimbishia nani, nani alikwenda kugonga mlango wa nani, ushahidi upi ulikuwa na tundu. Sikio linafuata kisa hatua kwa hatua na halina pa kurukia mbele. Kwenye karatasi mimi huwa naruka hadi mwisho wa sura nione jibu. Msomaji wa sauti haniruhusu.

Wa pili anayenidai niandike habari zake ni Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza, kwa sababu ya ufundi. Alikuwa kijana wa kujalidi vitabu, mwana wa mhunzi, akawa anasoma vitabu alivyoletewa kuvishona. Mteja mmoja akampa tiketi za mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy mwaka 1812. Akaandika aliyoyasikia, akayajalidi vizuri kwa mkono wake, akampelekea Davy. Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye maabara. Kwamba mtu anaweza kujifunza kutokana na kazi ya mteja iliyopo mezani, hilo nililielewa bila kufafanuliwa. Akiwa mzee alikuwa akitoa mihadhara ya Krismasi kwa watoto, na ule wa mshumaa upo kwa sauti. Mihadhara sita, mshumaa mmoja.

Juzi umeme ulikatika saa mbili usiku na mpwa wangu alikuwa kwangu. Nikamwambia tukaushike mshumaa tumjaribu huyo mzungu. Ukipuliza taratibu, utambi unatoa uzi wa moshi mweupe. Nikawasha kiberiti, nikauingiza moto kwenye moshi, juu ya utambi, bila kuugusa. Moto ulishuka ndani ya moshi wenyewe mpaka chini na mshumaa ukawaka. Mtoto akapiga ukelele. Faraday anaeleza: moshi ule ni mvuke wa nta, na mvuke ndio unaoungua. Tukarudia mpaka kiberiti kikaisha nusu.

"Mamdogo, kwa hiyo nta inakwenda wapi?"

Nikachukua kikombe cha bati chenye maji ya baridi ya mtungini, nikakishika juu ya ncha ya moto. Kitako kikaingia ukungu, na masizi pembeni. Maji, kutoka kwenye moto. Hidrojeni ya nta imeshikana na oksijeni ya hewa yakawa maji, na kaboni yake imekuwa gesi ileile tunayoitoa puani. Mtoto akakinusa kikombe, akaniangalia, akapumulia kitako upande wa pili nacho kikaingia ukungu. Hilo sikumwelekeza.

Yapo mambo ambayo sikio linayashindwa kabisa. Nilisikiliza maelezo ya maji kujaa na kupwa nikayarudisha nyuma, nikayarudisha tena, wapi. Sisi wa pwani bamvu, yaani maji makubwa, na maji mafu, yaani maji madogo, tunayajua tangu hatujaanza shule. Lakini kwa nini bahari ijae mara mbili kwa siku na mwezi ni mmoja? Filamu ilinimalizia kwa mchoro wa dakika moja: mwezi unayavuta maji ya upande wake kuliko unavyoivuta dunia, na unaivuta dunia kuliko unavyoyavuta maji ya upande wa nyuma, kwa hiyo maji yanatuna pande zote mbili, nayo dunia inazunguka ndani yake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua linakaa kwenye mstari mmoja nao, na hapo ndipo bamvu. Basi. Umbo halisimuliki.

Na mnyama pia hasimuliki. Tanga hapa tuna silikanti. Hifadhi yake ya bahari ilianzishwa mwaka 2009, baada ya wavuvi wetu kuanza kumnasa mwaka 2003 kwenye majarife ya papa. Habari zake za kitabuni nilikuwa nazo: samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu enzi za dainosaria, akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, wa pili akapatikana Komoro mwaka 1952. Kwa kuwa mapezi yake yana shina la nyama na mifupa, wataalamu waliomchunguza akiwa maiti walidhani anatambaa nayo chini ya bahari. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke akashuka na nyambizi ndogo Komoro, akampiga filamu yuko hai kwenye maji yake. Hatambai. Anaelea polepole, pezi la kulia mbele linakwenda pamoja na la kushoto nyuma, kisha wanabadilishana. Na mara nyingine anasimama kwa kichwa, mkia juu, katulia tuli. Miaka karibu 50 ya kumpima samaki mezani isingelitoa jambo hilo.

Ila filamu naitazama kwa jicho la fundi anayetafuta mshono. Muziki ukianza kuniambia niogope, nazima sauti. Nyingi ya sauti za hatua na za kutafuna kwenye filamu za wanyama zinatengenezwa studio, maana kamera ilikuwa mbali mno kuzinasa. Hilo nalisamehe. Lisilosameheka ni la filamu ya Marekani ya 1958 iliyoonyesha leminga, panya wadogo wa nchi za barafu, wakijirusha baharini kundi zima. Wanyama wale walinunuliwa, wakapelekwa Alberta, jimbo la Kanada lisilo hata na bahari, wakasukumwa mtoni. Filamu ikapewa tuzo ya Oscar. Hadi leo watu wenye akili zao wanakuambia leminga hujiua. Kitabu nacho kinaweza kudanganya, lakini kikisema uongo huo kitaulizwa walijuaje. Picha haiulizwi, imeshaonekana.

Leo mchana alikuja mzee mmoja mvuvi wa Kigombe, kaleta kanzu nimpunguzie urefu. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za nyumbani nikamwonyesha silikanti kwenye simu. Akaivuta simu karibu na pua.

"Kumbe huwa anasimama hivi? Sie tunamjua wa kwenye jarife tu. Nyama yake mafuta matupu, ukila unaharisha."

Nikampa na ya kitabuni: kwamba hatagi, mayai yanaanguliwa tumboni na wanazaliwa wakiwa samaki kamili. Akatikisa kichwa, hajavutiwa.

"Sasa hao wadogo wanakaa wapi, mjukuu wangu? Mie wakubwa nimewaona. Mdogo sijamwona hata siku moja."

Nikamwambia mmoja alipigwa filamu mwaka 2009 Indonesia, kwa yule jamii ya pili ya silikanti, kwenye kina cha mita zaidi ya 150, urefu wake kama rula ya shule.

"Indonesia," akasema, akinirudishia simu. "Wa hapa je?"