Babu na mawe ya Isimila

Mwanangu ana mwaka na miezi tisa. Karithi jina la baba mkwe, kwa hiyo nyumbani tunamwita Babu. Tulipoteremka kwenye daladala nikasema, "Babu, shika mkono, malori hayo," mama mmoja mwenye tenga la nyanya akageuka kumtafuta mzee. Hakumwona.

Isimila, mahali palipochimbuliwa zana za mawe za watu wa kale, iko kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini, barabara ya Mbeya. Ukishaiacha lami unatembea kidogo. Nilimfunga mgongoni kwa kitenge maana kwa hatua zake tungefika jioni: kila kinyesi cha ng'ombe lazima kikaguliwe.

"Kamoo," akamwambia mzee anayetembeza wageni.

"Marahaba, mjukuu. Unaitwa nani?"

"Babu."

"Ala! Basi shikamoo, Babu."

Wakawa marafiki palepale.

Mzee akatueleza kwamba zamani hapa palikuwa na ziwa, likakauka, na kwamba mtafiti wa mambo ya kale, Clark Howell, na wenzake walichimba mwaka 1957 na 1958 wakakuta mashoka ya mawe chungu nzima. Wataalamu huyakadiria kuwa na zaidi ya miaka laki mbili. Ilipatikana pia mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, macho yake yamechomoza juu ya kichwa. Hapo tu ndipo Babu alisikiliza. Mzee alimwonyesha kwa ngumi mbili juu ya paji la uso, naye akaiga, akatembea hivyo hadi akajikwaa.

Mashoka yenyewe hayaguswi ovyo, na nilikuwa na wasiwasi na mikono yake. Lakini kule chini kwenye korongo, katikati ya zile nguzo ndefu ambazo maji yamezichonga kwa kula udongo laini pembeni, kuna mchanga na kokoto za kawaida tele. Akaketi. Akachukua kokoto mbili, akazigonga, akasikiliza, akazigonga tena. Mzee akacheka: "Huyu fundi, mwache afanye kazi." Nguzo ambazo watu wanatoka nchi za mbali kuja kuzipiga picha, hakuzitazama hata mara moja. Mjusi, ndiyo. Mchanga ndani ya kiatu changu, ndiyo sana.

Nami nilikaa. Simu mkobani, mgongo umeegemea ukuta wa korongo, nakula andazi la asubuhi. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikaa tu bila kufua kitu.

Kama unampeleka wako, wahi asubuhi, kwani saa sita kule chini jua halina huruma, ingawa mjini mmetoka na sweta. Beba maji, pampasi za kutosha na nguo za kubadilisha. Kigari cha mtoto kiache nyumbani, njia ni ya mchanga na mawe. Na usiende mvua zikishakolea, Desemba mpaka Aprili: maji yaliyochonga nguzo zile bado yanapita mlemle.