Rafiki wa Upande wa Pili wa Ukuta

Riwaya nyingi za anga za mbali nilizowahi kusoma zimejaa vita, himaya zinazoporomoka na watu wasiocheka hata mara moja. Ndiyo maana Project Hail Mary ya Andy Weir, iliyotoka mwaka 2021, imeniingia moyoni kwa namna ya pekee. Inasimulia hatari ya kuangamia kwa binadamu wote, lakini kila baada ya kurasa chache inakuvunja mbavu, na muda wote huo haiachi kuamini kwamba kuna njia ya kutokea.

Mhusika mkuu, Ryland Grace, anazinduka huku amechomekwa mirija mwilini, wenzake wawili wamekwisha kufa kando yake, na hakumbuki hata jina lake. Kompyuta inamwuliza mbili kujumlisha mbili ni ngapi, naye anahangaika kulitamka jibu. Baadaye, akiwa amejifunga shuka, anapoulizwa jina anajitangaza kuwa mfalme, na kompyuta inamjibu kwamba amekosea. Kinachomfumbua macho ni fizikia ya shuleni: anaangusha kitu kutoka mezani, anapima muda, anapiga hesabu, na kupata kwamba mchapuko wa mvutano, yaani jinsi kasi ya kitu kinachoanguka inavyoongezeka, ni mita 15 kwa sekunde mraba badala ya ile 9.8 tunayokaririshwa darasani. Kumbe hayuko duniani. Kumbukumbu zinaporejea polepole, tunajua kuwa alikuwa mwalimu wa sayansi, kwamba kuna vijidudu vinavyofyonza nishati ya Jua na kulifanya lififie, na kwamba yeye ametumwa kwenye nyota ya Tau Ceti, umbali wa takriban miaka 12 ya nuru, kuchunguza kwa nini nyota hiyo haijaathirika kama jirani zake. Mafuta aliyopewa ni ya kwenda tu. (Nyota hiyo ipo kweli, na sisi tunaoishi karibu na ikweta tunaweza kuiona kwa macho matupu usiku wa Desemba, mradi tuwe mbali na taa za mji.)

Huko anamkuta Rocky, fundi aliyetoka nyota nyingine kwa sababu hiyohiyo. Ana miguu mitano na gamba kama la jiwe, hana macho, na husema kwa sauti zinazofanana na muziki. Hewa yake ni amonia yenye joto la zaidi ya nyuzi 200, hivyo hawawezi hata kushikana mikono; kati yao lazima pawe na ukuta. Wanaanza kwa kuonyeshana saa, kila mmoja akitazama jinsi mwenzake anavyougawa muda, kisha namba, ambazo Rocky huzihesabu kwa sita sita, na hatimaye maneno. Sijapata kusoma mahali ambapo urafiki unajengwa kwa subira kiasi hiki. Tena unachekesha, kwa kuwa Rocky hana haya. Anapogundua kwamba Grace anataka kulala, anang'ang'ania kukaa amwangalie, maana kwao aliyelala hana uwezo wa kujitetea na si utu kumwacha peke yake.

Ninachokipenda kuliko vyote ni jinsi ujuzi wa mmoja unavyoziba pengo la mwingine. Wenzake Rocky walikufa wote safarini, naye hakuwahi kujua kilichowaua. Angahewa ya sayari yao ni nzito mno kiasi kwamba mionzi ya angani haiwafikii, kwa hiyo wataalamu wao hawakuwahi kuigundua, na ni Grace anayemweleza. Vilevile hawakujua kwamba muda hupungua kwa anayesafiri kwa kasi inayokaribia ya nuru. Walikadiria safari ndefu kuliko ilivyokuwa, wakabeba mafuta kupita kiasi. Ziada hiyo iliyotokana na kutojua ndiyo Rocky anayomgawia mtu aliyekwisha kukubali kwamba hatarudi kwao. Niliposoma ukurasa huo nilitokwa na machozi, nami huona aibu kidogo kulia kwa ajili ya hesabu za mafuta, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sura zinazorudi duniani hazina uhai uleule, ingawa Stratt, mwanamke aliyepewa mamlaka ya kuamuru karibu kila serikali, anastahili kitabu chake mwenyewe. Baadhi ya majaribio ya maabara pia yanaelezwa kwa urefu, na msomaji asiyependa hesabu anaweza kuyapitia harakaharaka bila kupoteza kisa. Mwisho sitausimulia. Ningependa hasa walimu wa fizikia wakisome na kulipeleka darasani lile jaribio la kuangusha kitu na kupima muda, kwa sababu vifaa vyake ni meza, kipimo cha urefu na saa tu, na mwanafunzi akishapata mwenyewe jibu linalokaribia 9.8, ataelewa mara moja kwa nini Grace aliingiwa na hofu alipopata 15.