Mwaka wa Pili wa Kozi ya Video Uanze na Masikio

Kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita ninaowafundisha utayarishaji wa vipindi vya televisheni na video hapa Kigoma, ambao wamekwisha kupita ngazi ya awali, nimeacha kabisa kufungua muhula kwa somo la kamera. Kamera wanaijua, wengi walianza kujifunza kwa simu za wazazi wao wakati wa likizo, na picha zao zimetulia na zina mpangilio. Kinachowaangusha ni sauti, na kozi inayojiita ya juu huku ikiahirisha sauti hadi wiki za mwisho inawapunja.

Anayebisha aende mwaloni Kibirizi asubuhi, wakati boti za injini zinapakia abiria na mizigo, upepo unavuma kutoka ziwani na akina mama wanageuza dagaa juani. Mwanafunzi anamwamkia mmoja wao, "Shikamoo mama, tunaomba utueleze dagaa hawa wanakaushwaje," naye mama anaeleza vizuri mno, kwa maneno na kwa mikono, na picha inapendeza kweli. Wakirudi darasani na kuvaa hedifoni, wanachosikia ni injini, pamoja na upepo unaogonga maiki kama mtu anayekung'uta mkeka.

Sababu yake ni ya kifizikia, wala haihitaji kifaa cha bei kubwa kuieleza. Umbali kati ya msemaji na maiki ukiongezeka mara mbili, sauti yake inayofika moja kwa moja hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ilhali kelele za mwaloni hubaki vilevile. Kamera inaweza kuvuta sura ya mama karibu, lakini maiki iliyo juu ya kamera hiyo haijasogea hata hatua moja. Ukiitoa maiki mita mbili na kuiweka nusu mita kutoka kinywani mwake, umejipatia desibeli 12 bure, na sijaona programu ya kusafisha sauti inayotoa faida safi kiasi hicho. Kisha maiki ivalishwe sponji au manyoya ya kuzuia upepo, vilele vya sauti viachwe karibu na desibeli -12 kwenye kipimo cha kifaa cha kurekodi, ambacho ukomo wake ni 0, kwa kuwa sauti iliyopasuka haishoneki, na kabla ya kuondoka kila kundi lirekodi nusu dakika ya mwalo wenyewe bila mtu kuzungumza, ili mhariri apate kitu cha kuzibia mianya.

Kuhusu taa nina machache: umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo anayerekodi picha 25 kwa sekunde chini ya taa za darasani aweke kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, kwenye 1/50 ya sekunde, na picha haitapepesa.

Ugumu halisi uko katika kugawana kazi. Kila kundi lina mwongozaji, mpiga picha, mtu wa sauti na mhariri, nao hubadilishana nafasi. Lakini yeyote anayevaa hedifoni ndiye pekee mwenye ruhusa ya kusimamisha mahojiano. Kwa vijana waliolelewa kutomkatiza mtu mzima jambo hili ni zito (na sitaki wapoteze malezi hayo), hivyo tunafanya mazoezi ya kulisema kwa adabu: "Samahani mama, boti ilipita, tunaomba urudie pale ulipoishia." Akina mama hurudia bila kinyongo, na mara nyingi maelezo ya pili huwa mafupi na bora kuliko ya kwanza.

Kazi ya mwisho wa muhula ni filamu ya dakika tano, nami huisikiliza kwanza skrini ikiwa imezimwa. Kama sikuweza kufuata habari kwa kusikia tu, kundi linarudi Kibirizi kabla hatujazungumzia rangi wala mpangilio wa picha.